Ng'ombe wa Shukrani na Kinu cha Mzee Lubunga

Kuku wa sadaka hashikwi miguu, kichwa kikaning'inia chini. Anzeni hapo.

Ninyi sita mliochaguliwa kushika ghala la kanisa letu hapa Baraka, mmenijia na madaftari mapya na kalamu, mkitaka niwaeleze kazi inavyokwenda. Najua mlitegemea maneno makubwa. Maneno makubwa yako kwa Pasta. Kwangu kuna kuku. Mtu amemlea kuku huyo tangu yai, amemkimbizia mwewe mara ngapi sijui, na leo amemleta mbele ya Mungu. Ukimpokea kwa kumning'iniza kama tambara, mwenyewe anaona, na atarudi kwenye benchi lake na kidonda. Mshike chini ya kifua, bana mabawa kwa mkono wa pili, umweke karibu na tumbo lako. Kuku atanyamaza. Na mwenyewe atarudi kukaa akitabasamu, hata wimbo unaofuata atauimba kwa nguvu.

Miaka zaidi ya thelathini nimepokea vitu vya watu kwa ajili ya Mungu, nikavigawa kwa watu wa Mungu. Mihogo, mahindi, ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, mafuta ya mawese, mbuzi, bata, kikwembe kipya cha kumfunika mtoto wa mwingine. Kile chumba cha nyuma chenye bati linalovuja upande wa ziwa kilikuwa ofisi yangu. Harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani. Mume wangu alikuwa akisema sikukuu ya mavuno yeye haiangalii kwenye kalenda, anaijua kwa pua. Siku hizi zawadi nyingine zinaingia kwa simu, na simu haina harufu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba simu haijawahi kukukojolea.

Mbuzi, kwa mfano. Mbuzi usimfunge karibu na karatasi. Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga beberu mmoja kwenye mguu wa meza ndogo pale mbele, kwa sababu nilitaka watu wote waone zawadi ilivyo nzuri. Pasta alikuwa ameweka mahubiri yake juu ya meza hiyo, kurasa tisa. Tulipofumbua macho baada ya maombi, zilikuwa zimebaki mbili, na mojawapo ilikuwa bado inatafunwa. Pasta akamtazama mbuzi, akatutazama sisi, akasema, "Bandugu, leo Bwana amependa tuseme kidogo." Tukatoka jua halijapanda. Mpaka leo kuna wazee wanaomkumbuka mbuzi yule kwa shukrani.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Bitisho. Alikuwa muuza samaki pale bandarini, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Alinifundisha kuzijua ndagala zilizokauka: zichote mkono mmoja, zibane, kisha fungua vidole. Zikiruka na kulia kama mchanga wa kokoto, weka ghalani. Zikishikana, zianike tena siku hiyo hiyo, la sivyo Jumatano utafukuzwa na majirani. Alinifundisha pia nisichungulie kikapu mbele ya mwenyewe, nipokee kwa mikono miwili hata kama kitu chenyewe ni yai moja.

Hilo la mwisho nililiweka kichwani tu, halikuwa limeshuka moyoni. Likashushwa na Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mjane wa upande wa soko, hana mtoto aliyebaki karibu naye. Sikukuu moja ya mavuno nilijiona mjanja. Nikaandika majina yote na vitu vyote, nikasimama mbele nikasoma kwa sauti. Fulani, gunia la mahindi, watu wakapiga makofi. Fulani, mbuzi jike, vigelegele. Nikasoma, "Mama Sifa, viazi vitatu." Makofi hayakuja. Upande wa nyuma, kwenye kwaya, mtu akacheka, si kwa ubaya, alicheka tu. Mama Sifa akakaza kikwembe chake kiunoni, akaangalia sakafu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikamwambia Mama Bitisho kwamba nataka nimpelekee unga na sabuni, niombe msamaha.

"Unga?" akasema. "Umemuonesha mbele ya batu kama yeye ni maskini, sasa unataka umufatie na unga mpaka kwake, umuoneshe tena?"

"Sasa nifanye je?"

"Enda umuombe kitu."

"Yeye? Niombe nini kwake?"

"We enda uangalie. Muntu hawezi kukosa kitu cha kutoa. Mupatie njia tu."

Nikaenda. Nikazunguka nyumba yake, nikaona nyuma kuna marando ya viazi vitamu, yamesitawi kuliko yote niliyowahi kuona, mekundu, manene, yametambaa mpaka kwenye njia. Nikasema, "Mama, shamba ya kanisa haina mbegu ya namna hii. Unaweza kutusaidia?"  Mama Sifa akaingia ndani, akatoka na panga. Alikata marando mpaka nikashindwa kuyabeba. Alinifundisha kuyalaza yakiwa yameinama, macho matatu ndani ya udongo, mawili nje. Jumapili ile alikuja kanisani, akaketi benchi la mbele, akawa anageuka kuangalia kama nimefika. Msamaha niliuomba baadaye, naye akasema ameshasahau. Nilijua ni uongo wa mtu mwema.

Tangu siku hiyo sikusoma tena majina.

Sasa niwaambie habari ya ng'ombe, kwa sababu hiyo ndiyo mliyosikia nusu nusu, na kila anayeisimulia anaongeza ng'ombe mmoja.

Alikuwepo mwalimu mmoja kijana, Alimasi, mwenyeji wa Lubondja. Mke wake Furaha alijifungua mapacha, msichana na mvulana. Walipofika miezi minane, Furaha akaugua, akafanyiwa operesheni hapa Baraka, na alipopona maziwa yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Watoto wakaanza kupungua. Muuguzi akasema uji peke yake hautoshi, watoto wapate maziwa ya kuchemshwa kila siku. Lubondja ni kijiji cha wakulima. Mihogo iko, karanga ziko, ng'ombe hakuna. Alimasi alikuja ghalani kwangu amebeba kibuyu kitupu, kijana aliyesoma, akashindwa kusema alichokuja kusema. Nikampa makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyokuwepo. Kwa mapacha, hayo ni wiki moja ikiwa umebana.

Jumapili Pasta akalitangaza: kuna watoto wawili wanahitaji maziwa, mwenye kuweza afike kwa Mama Apendeki. Ndiyo mimi. Baada ya ibada wakaja watu na walichokuwa nacho, kopo moja, nusu kopo. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kitambaa begani namna ya watu wa juu, wa milimani kule Minembwe. Jina lake Nyamahoro. Huwa anashuka Baraka kuuza fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe wao, na safari hiyo mvua ilikuwa imeharibu njia, akalala mjini, akasali nasi.

"Mama," akaniambia, "mi niko na ngombe moja, inaitwa Gaju. Imezaa haina mwezi mbili. Nitaitoa pamoja na mutoto yake."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Utatoa maziwa?"

"Nitatoa ngombe."

Vijana, mnaojua watu wa juu mnajua ng'ombe kwao ni nini. Si kitu cha kutoa Jumapili moja kwa sababu ya tangazo. Nikamwambia aende nyumbani afikiri, azungumze na mume wake. Akacheka.

"Nilizaa mara saba, na bote saba banaishi. Tangu mudogo wao amesimama, natafuta namna ya kusema aksanti kwa Mungu. Bwana yangu anajua. Hii ngombe ni ya Mungu kutoka zamani. Lakini Mungu hanywi maziwa, Mama. Muipeleke kwa batoto."

Basi, mimi nikalia na kucheka pamoja. Tukapatana: baada ya siku kumi yeye na shemeji yake watamteremsha Gaju kwa miguu mpaka kwenye kijito kilichoko juu kidogo ya Lubondja, nami nitapanda kutoka Baraka kwa pikipiki tukutane hapo.

Kosa langu ni hili, na mliandike: nilishughulika na anayetoa, nikamsahau anayepokea. Nilimwambia Alimasi, akaruka kwa furaha. Sikuuliza lupango, yaani ua na nyumba zake, ni la nani. Lupango lilikuwa la baba yake, Mzee Lubunga.

Miaka ile watu wa juu na sisi wa chini tulikuwa tumeacha kutembeleana. Kila upande una maneno yake na makaburi yake, sitayafukua hapa. Mzee Lubunga, yeye, alikuwa na shamba la mihogo lililokanyagwa lote na ng'ombe msimu mmoja, na njaa ya mwaka huo aliila pamoja na watoto wake. Siku ile alisimama mbele ya kijiji akaapa kwamba ng'ombe hataingia katika lupango lake maadamu yeye yuko hai. Alikuwa mchongaji wa vinu, mtu wa maneno machache, na maneno yake machache aliyashika kama patasi.

Nilifika Lubondja nimejaa matope mpaka kwenye masikio, nimefurahi kama bibi harusi. Nikamkuta ameketi juu ya gogo, anachonga. Nikamwambia ng'ombe amekaribia.

Hakuinua macho. "Irudie kwao."

"Baba, ni ya batoto. Bajukuu yako."

"Nimesikia. Bajukuu yangu nitabatafutia maziwa mwenyewe."

"Wapi, Baba?"

Akaendelea kuchonga. Furaha alikuwa amesimama mlangoni na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Yule wa kifuani alikuwa analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia. Mzee alikisikia, nilimwona bega likishtuka. Lakini akasema, "Niliapa mbele ya batu. Leo nikipokea, kesho batasema Lubunga kinywa yake inanunuliwa na maziwa. Hapana, Mama. Irudie."

Nikapanda kwenda kijitoni kwa miguu, na safari hii matope nayaona yote. Nyamahoro alikuwa ameketi juu ya jiwe, ng'ombe mwekundu anakula majani kando yake, ndama amelala. Shemeji yake alikuwa amesimama na fimbo, hataki kuvuka. Nikawaambia ukweli. Nyamahoro hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alishika tu masikio ya ndama akayapapasa, akasema polepole, "Siku tatu tumetembea."

Nikaketi naye juu ya jiwe. Na hapo, sijui kwa nini, nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza pale Baraka siku ya kwanza.

"Mama Nyamahoro, kwako kunakosa nini?"

"Kwangu?"

"Ndiyo. Kitu gani huna, ungetamani muntu wa huku chini akupatie?"

Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kifaransa cha shule. Kisha akaanza kucheka. "Hakuna muntu wa huku alishaniuliza vile," akasema. Akafikiri. "Kinu. Kinu yangu imepasuka. Kule kwetu ni majani tu, muti ya kuchonga iko mbali. Nasaga mahindi kwa jirani, na jirani iko mufupi, kinu yake mufupi, mugongo inaniuma kila siku."

Nilisimama kabla hajamaliza. Nilishuka kile kilima nikiteleza, na umri ule haukuwa tena wa kuteleza. Mzee Lubunga alikuwa bado juu ya gogo lake. Nilisimama mbele yake nikihema.

"Baba, sikuje kwa maneno ya ngombe. Yule mama wa juu anaomba kinu."

Patasi ikasimama.

"Kinu?"

"Yake imepasuka. Anasaga kwa jirani, na ile ya jirani ni mufupi, inamuumiza mugongo."

Mzee akakunja uso, lakini si kwa hasira. Mlishaona fundi akisikia kazi mbaya ya fundi mwingine? Ndivyo alivyokunja. "Nani aliichonga?"

"Sijui."

"Muntu anachonga kinu bila kuangalia mwenye atasimama pale! Huyu mama iko murefu namna gani?"

Nikainua mkono juu ya kichwa changu. "Hapa. Ao hapa."

"Hapa ao hapa?"

"Baba, sikumupima."

Akaweka patasi chini. Akajipangusa vumbi la mbao magotini, polepole, goti moja, kisha la pili. 

"Mi sichongi kinu ya muntu sijaona," akasema. "Mulete."

Nikarudi kijitoni, tukakubaliana Gaju naye aje, ila abaki nje ya ua. Sasa mimi ni mtu wa ziwa. Samaki wa urefu wangu sitamkimbia, lakini ng'ombe! Shemeji alisema yeye atasubiri ng'ambo ya kijito, hawezi kuingia kijijini bila kuitwa, na sikumlaumu. Tukabaki wanawake wawili, ng'ombe mmoja na ndama. Gaju akakataa kuingia majini. Nyamahoro akasema, "Mama, beba mutoto. Mama yake atakufuata."

"Mi?"

"Mi nitashika huyu mukubwa. Ama unataka tubadilishe?"

Nikabeba ndama. Nilimkumbatia kama furushi la mihogo, miguu minne ikinipiga tumboni, nikavuka kijito nikiomba kwa sauti, na ng'ombe yule kweli akaja nyuma yangu akinipulizia shingoni. Katikati ya maji ndama akakojoa. Kikwembe changu cha kanisa, kile cha sikukuu, kikalowa mpaka miguuni. Nikaingia Lubondja hivyo. Watu walikuwa wametoka nyumbani mwao, wamesimama kando ya njia na nyuso ngumu, maana habari zilikuwa zimefika. Halafu wakaniona. Mwanamke mmoja akajaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikatoka kwake kikaruka upande wa pili wa njia, kikarudi, na Nyamahoro nyuma yangu naye akaanza kucheka, mpaka ikabidi amshike Gaju shingoni asianguke. Nawaambia, hakuna hotuba ambayo ingeifungua njia ile kama ule mkojo.

Mbele ya lupango Nyamahoro akasimama. Alijua habari ya kiapo, akamwacha Gaju nje ya ua, akaingia peke yake, akapiga magoti kidogo kumsalimu Mzee. Mzee akaitikia. Kisha akachukua fimbo iliyonyooka, akamwambia asimame wima, ainue mikono kama anatwanga, aishushe. Akaiweka fimbo kando ya nyonga yake, akaitia alama kwa kisu. "Tena," akasema. Akapima tena. "We ni murefu kweli," akasema, na Nyamahoro akajibu, "Baba yangu alikuwa anasema vile vile."

Kisha Nyamahoro akatoka nje ya ua, bila kuombwa na mtu, akamkamua Gaju, ile sauti ya maziwa ikipiga ndani ya kibuyu cha Alimasi. Furaha akachemsha, akapoza. Msichana alikunywa kwanza. Alikunywa huku amemkodolea mama yake macho, kama anayeogopa kwamba kikombe kitaondoka. Mvulana hakuwa na subira, alishika kikombe kwa mikono miwili akajimwagia nusu. Mzee Lubunga alikuwa ametugeuzia mgongo, anachagua gogo. Alilichagua kwa muda mrefu sana. Magogo yalikuwa mawili tu.

Mvua ikaanza. Gaju akasimama nje ya ua, ndama amejibanza chini yake, maji yanatiririka. Mzee akatazama mara moja. Akatazama mara ya pili.

"Hii ngombe itasimama kwa mvua?" akauliza.

Alimasi akasema, "Baba, uliapa haiingie."

"Najua niliapa nini."

Akainuka, akaenda kwenye ua wa miti, akaanza kung'oa. Aling'oa mti mmoja, wa pili, wa tatu. Sisi tumesimama tunamtazama, mvua inamlowesha. Akaichomeka upya hatua kadhaa ndani, karibu na ukuta wa nyumba, hivi kwamba paa la nyuma la jiko, lile la kuwekea kuni, likabaki nje ya ua.

"Sasa," akasema, akijipangusa uso, "lupango inaishia hapa. Pale si kwangu. Muiweke pale."

Gaju akalala chini ya lile paa la kuni, akatafuna. Mzee hajavunja kiapo chake mpaka leo. Lupango lake ni dogo kuliko yote kijijini, na anapoulizwa anasema linamtosha.

Mapacha walirudisha mwili. Muuguzi alipowapima mwezi uliofuata aliita wenzake waje kuona mashavu. Kinu kilichukua wiki tano, na kilipokwisha Mzee hakukubali kipelekwe bila yeye. Vijana wanne wa kwaya ya Lubondja wakakibeba kwa zamu, Alimasi akabeba mchi, mimi nikabeba tumbako ya Mzee na maneno ya kuwatia moyo. Kule juu baridi inakushika magotini, na majani ni mengi kuliko anga. Mzee alikuwa hajafika huko miaka mingi. Alitembea akiangalia kila kitu.

Nyamahoro alitupokea na familia yake yote, watoto wote saba. Walitupa viti, wakatupa maziwa, wakatupa blanketi. Mzee akasema kwanza kinu. Kikawekwa chini, Nyamahoro akatia mahindi, akainua mchi, akaushusha. Mgongo ukabaki wima. Akatwanga tena, na tena, akawa haangalii tena wageni. Mzee Lubunga alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Inalia muzuri," akasema. Ndipo akapokea maziwa. Akanywa, akarudisha kikombe, na mke wa shemeji alipoanza kukiosha, Mzee akamwambia, "Ngoja kwanza," akakichukua, akakinyoosha tena wajaze.

Wanawake wa jirani waliusikia ule mlio. Mmoja akaja kutazama, akazunguka kinu, akakigonga kwa kidole. Wa pili akaja. Hata yule jirani mfupi akaja. Mmoja akamuuliza Nyamahoro jambo, naye akamgeukia Mzee, "Baba, banauliza kama unaweza kubapima." Mzee akaitoa fimbo yake.

Tuliporudi, siku mbili baadaye, nilikuwa natembea nyuma yake kwenye mteremko. Ile fimbo alikuwa ameishika kama kitu cha kioo, na juu yake kulikuwa na alama saba mpya za kisu, juu na chini.

"Baba Lubunga," nikamwambia, "vinu saba! Na miaka yako hii? Utamaliza lini?"

"Kila moja itafika siku yake."

"Na utajuaje ipi ni ya nani?"

Akasimama, akanionyesha kwa kidole, alama moja moja. "Huyu ni yule alicheka nikimupima. Huyu iko na mukono moja ya mugonjwa, kinu yake itakuwa nyepesi. Huyu ni mufupi, na huyu ni mukwe wake." Akafika kwenye alama ya chini kabisa, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Na huyu iko na mimba," akasema. "Yake itatangulia."